Tarehe Zinapokosea Kwenye Programu za Zamani: Dalili, Chanzo na Dawa

Programu zilizoandikwa kwa COBOL, Clipper, FoxPro, Visual Basic 6 na C katika miaka ya 1980 na 1990 bado zinalipa mishahara, zinakokotoa riba na kutunza daftari za wanachama. Zinapolalamikiwa, mara nyingi hesabu ya fedha ni nzima, ila tarehe iliyoilisha hesabu hiyo imepinda. Kosa la kwanza la fundi ni kufungua msimbo kabla ya kufungua faili la data. Tarehe hupitia hatua nne: inaingizwa, inahifadhiwa, inakokotolewa, inaonyeshwa. Kila hatua ina ugonjwa wake, na dawa ya hatua moja ikipewa hatua nyingine huharibu rekodi zilizokuwa salama. Kwa hiyo, katika kila dalili iliyo hapa chini, swali la kwanza ni lile lile: ndani ya faili kumeandikwa nini?

Kabla ya kugusa chochote

Wafunge watumiaji wote nje ya programu, kisha nakili folda nzima: mafaili ya data, faharasa (mafaili yanayopanga rekodi) na programu yenyewe. Nakala iliyochukuliwa faharasa za .NTX au .CDX zikiwa wazi haiaminiki.

Halafu tazama saa ya mashine. Kama tarehe inarudi 1980, au mwaka ilipotengenezwa kompyuta, kila umeme unapokatika, hakuna ugonjwa wa programu hapo. Betri ya ubao mama imekufa. Nyingi ni CR2032: mpya husoma volti 3 na kitu, na ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe. Malalamiko mengi ya "programu imerudi nyuma" huishia hapa, kwa betri ya bei ya soda.

Mwisho, soma data ghafi. Faili la .DBF hufunguka kwenye LibreOffice Calc (fungua nakala, si faili lenyewe). Faili la COBOL litazame kwa kisoma-heksi, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja.

Majaribio ya kusogeza tarehe mbele yafanyie kwenye nakala tu. GnuCOBOL hukubali tarehe ya bandia kupitia kigeu cha mazingira COB_CURRENT_DATE. Kwenye Linux kuna faketime, ya kazi hiyo hiyo. Programu za DOS zijaribu ndani ya DOSBox. Usisogeze kamwe saa ya seva inayofanya kazi. Kazi za usiku zitafuta rekodi zinazodhani zimepitwa na muda, riba itatozwa, leseni zitakufa, na kuirudisha saa nyuma hakurudishi kilichofutwa.

Dalili: umechapa 25, imehifadhiwa 1925

Hii ni ya Clipper na jamaa zake wa dBASE. Aina ya tarehe ndani ya .DBF huhifadhiwa kwa herufi 8, mwaka kamili, mwezi na siku: 20250307. Mahali pa karne papo tangu mwanzo. Tatizo liko mlangoni, pale tarakimu 2 zinapogeuzwa kuwa 4.

Chanzo cha kawaida kabisa ni mpangilio wa karne ulioachwa kama ulivyokuja. Clipper 5 huanza na SET EPOCH ya 1900, maana yake kila mwaka wa tarakimu mbili ni wa 1900 hadi 1999. Weka mstari huu mwanzoni mwa programu kuu, kabla ya skrini ya kwanza:

SET EPOCH TO 1950

Sasa 50 hadi 99 zitasomwa 1950 hadi 1999, na 00 hadi 49 zitasomwa 2000 hadi 2049. Kwenye Visual FoxPro kazi hiyo hufanywa na SET CENTURY TO 19 ROLLOVER 50. dBASE III PLUS haina amri ya namna hiyo. Huko njia ni SET CENTURY ON na kumlazimisha anayeingiza data achape tarakimu nne.

Tahadhari kuhusu SET CENTURY ON: inapanua sehemu ya kuandikia tarehe kutoka herufi 8 hadi 10. Skrini iliyopangwa kwa @...GET itafunika uga (nafasi ya data) wa jirani, na ripoti iliyobana safu itakata tarakimu za mwisho. SET EPOCH haina madhara hayo, ndiyo maana ni bora kuanza nayo.

Chanzo cha pili ni msimbo unaojenga tarehe wenyewe kwa CTOD (kigeuza maandishi kuwa tarehe) kutoka maandishi yenye "19" iliyogongomelewa. Tafuta "19" ndani ya alama za nukuu katika mafaili yote ya msimbo, yale ya .PRG.

Kurekebisha mlango hakurekebishi kilichokwisha kuingia. Rekodi zilizohifadhiwa 1925 zitabaki 1925 mpaka uzisogeze, na hapa kalenda ina zawadi: kutoka 1 Machi 1900 hadi mwisho wa 1999, kuongeza miaka 100 kamili ni kuongeza siku 36525 sawasawa, bila kujali mwezi wala mwaka mrefu. Kwanza hesabu (MWISHO ni jina la uga wa tarehe katika mfano huu):

COUNT TO n FOR !EMPTY(MWISHO) .AND. MWISHO < CTOD("01/01/1950")

Tazama hizo rekodi kwa macho. Ukiridhika:

REPLACE ALL MWISHO WITH MWISHO + 36525 FOR !EMPTY(MWISHO) .AND. MWISHO < CTOD("01/01/1950")

Sharti la EMPTY si pambo, kwa sababu tarehe tupu huhesabiwa ndogo kuliko zote. Baada ya hapo jenga faharasa upya kwa REINDEX. Endesha amri hii mara moja tu, na kwa nyuga ambazo haiwezekani ziwe na tarehe ya kweli ya kabla ya 1950, kama mwisho wa mkopo. Usiitumie kwa tarehe za kuzaliwa. Aliyezaliwa 1925 na aliyezaliwa 2025 wanafanana ndani ya "25", na hakuna amri inayoweza kuwatenganisha. Hapo rudi kwenye fomu za karatasi.

Dalili: umri wa wazee umepungua, wa vijana umeongezeka

COBOL. Mzaliwa wa 1960 anasomeka ana miaka 35 mwaka 2025, na mtoto wa 2015 ana miaka 10 kama inavyotakiwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba mzaliwa wa 1975 anatoka sahihi, miaka 50. Ndiyo sababu hitilafu hii huishi muda mrefu bila kugunduliwa: aliyeijaribu kwa rekodi mbili tatu aliona ziko sawa.

Mwaka unahifadhiwa PIC 99, yaani tarakimu mbili tu, na umri pia ni PIC 99 bila alama ya S. Programu inatoa 25 − 60 na kupata −35, lakini uga usio na S hauna pa kuweka alama ya kutoa, basi inabaki 35. Kwa yeyote aliyezaliwa karne iliyopita na asiyezidi miaka 100, umri unaotoka ni 100 ukitoa umri wa kweli. Jumlisha umri wa kweli na ule wa skrini: ikitoka 100, umempata mkosaji bila kusoma hata mstari mmoja wa msimbo. Na ndiyo maana mwenye miaka 50 hutoka salama.

Dawa nyepesi ni kuweka karne kabla ya kutoa:

IF MWAKA-KUZALIWA < 26
   MOVE 20 TO KARNE
ELSE
   MOVE 19 TO KARNE
END-IF

Namba ya kukatia iamuliwe na kazi yenyewe. Daftari la wastaafu na daftari la kliniki ya watoto hayawezi kushiriki dirisha moja la karne, yaani miaka 100 ile ile ambamo tarakimu mbili husomwa. Kagua pia jinsi programu inavyopata mwaka wa leo: ACCEPT ... FROM DATE hutoa tarakimu 6 (mwaka 2, mwezi, siku), ilhali ACCEPT ... FROM DATE YYYYMMDD hutoa 8, na FUNCTION CURRENT-DATE hutoa herufi 21 ambazo 8 za kwanza ni tarehe kamili. Kompaila nyingi zinazoendelea kutunzwa zinazijua zote tatu.

Kuna FUNCTION DATE-TO-YYYYMMDD inayoweka karne yenyewe kwa dirisha linaloteleza: namba ya pili unayoipa hujumlishwa na mwaka wa leo kupata mwisho wa dirisha. Ukiipa 10 mwaka 2025, dirisha ni 1936 hadi 2035. Inavutia kwa sababu haihitaji kuguswa tena, lakini kwa kumbukumbu zilizokwisha kuhifadhiwa ni mtego. Ile "35" iliyosomwa 1935 mwaka 2024 inageuka 2035 mwaka 2025, bila mtu kugusa rekodi. Itumie kwa tarehe zinazoingizwa leo, si kwa kusoma ghala la zamani.

Dawa ya kudumu ni kupanua uga hadi PIC 9(8), na hapo urefu wa rekodi unabadilika na kila programu inayosoma faili hilo lazima ijengwe upya. Lakini kama uga ni S9(6) COMP-3 (namba iliyobanwa, kila tarakimu nusu-baiti), kuna nafasi iliyofichika. Tarakimu 6 na alama hujaza nusu-baiti 7, na kompaila hutenga baiti 4, yaani nusu-baiti 8. Moja iko tupu. S9(7) COMP-3 nayo ni baiti 4. Unaweza basi kuweka tarakimu ya karne mbele, 0 kwa 1900 na 1 kwa 2000: 250307 inakuwa 1250307, urefu wa rekodi haubadiliki, na mpangilio unatoka sahihi kwa sababu 0991231 ni ndogo kuliko 1000101. Rekodi za zamani za miaka ya 1900 hazihitaji kuguswa kabisa.

Simama hapa kama huna msimbo chanzo wa programu zote zinazosoma faili hilo. Programu moja iliyosahaulika, yenye S9(6), itasoma 1250307 na kutupa ile 1 kimyakimya, kisha iandike rekodi upya bila karne.

Dalili: orodha inaweka 2005 juu ya 1999

Kwenye Clipper, faharasa imejengwa kwa DTOC, ambayo hutoa maandishi ya siku kwanza au mwezi kwanza. Badilisha iwe INDEX ON DTOS(TAREHE) TO ..., kwa kuwa DTOS hutoa mwaka-mwezi-siku daima, mpangilio wowote wa skrini uwe umewashwa.

Kwenye kompyuta kubwa za IBM usiandike msimbo mpya kwa ajili ya kupanga. DFSORT, programu ya IBM ya kupanga, inajua tarehe za tarakimu mbili:

OPTION Y2PAST=1940
SORT FIELDS=(1,6,Y2T,A)

Hapo dirisha ni 1940 hadi 2039, na Y2T inaelewa pia tarehe za bandia kama 000000 na 999999. Hilo la mwisho lina uzito. Waandishi wengi wa programu za zamani walitumia 99 zilizojaa kumaanisha "haina mwisho". Ukipitisha 999999 au 991231 kwenye dirisha lako la karne bila kuitenga kwanza, mkataba usio na kikomo utakuwa umeisha mwaka 1999. Tenga thamani hizo kabla ya kuweka karne, kila mara.

Dalili: siku na mwezi vinabadilishana, lakini baada ya tarehe 12 viko sawa

Visual Basic 6 na Access, hasa sisi tunaoandika siku kwanza. Tarehe 3 Februari inakuwa 2 Machi; tarehe 13 Februari iko salama. CDate, inayogeuza maandishi kuwa tarehe, husoma kwa mpangilio wa Windows wa mashine ile, na isipowezekana hugeuza siku na mwezi yenyewe bila kulalamika. Programu moja kwenye mashine mbili zenye mipangilio tofauti hutoa data mbili tofauti, na faili likichanganyika halichambuliki tena.

Angalia kwanza mipangilio ya tarehe ya Windows kwenye kila mashine, si ya kwako tu. Pili, tafuta tarehe ndani ya alama za reli: #2/3/2024# kwenye msimbo wa VB siku zote ni mwezi kwanza, Windows iseme inavyotaka. Tatu, na huyu ndiye mkosaji mkubwa kwenye Access, tafuta maagizo ya SQL yanayounganisha tarehe kama maandishi. Badili yawe:

"WHERE Tarehe = " & Format$(d, "\#yyyy\-mm\-dd\#")

Kwa tarehe inayoingizwa na mtu, ikate vipande mwenyewe na utumie DateSerial(mwaka, mwezi, siku). DateSerial haikatai upuuzi: ukiipa mwezi wa 13 inakupa Januari ya mwaka unaofuata. Baada ya kuijenga, hakikisha Day(d) na Month(d) ni zile ulizopewa. Zikitofautiana, mkatalie aliyeiingiza palepale.

Dalili: mwaka unaonekana 19125 au 125

C, Perl, na JavaScript za mwanzoni. tm_year, uga wa mwaka katika tarehe ya C, si mwaka. Ni idadi ya miaka tangu 1900. Mwandishi wa programu alichapa "19%d" na ikafanya kazi hadi Desemba 1999. Sahihi ni 1900 + tm_year, na kwa tarakimu mbili ni tm_year % 100. Ukiwa hapo angalia tm_mon, ambayo Januari yake ni 0.

Usidhani ni kasoro ya macho tu. "19125" ina herufi moja zaidi ya "1925", na kisanduku cha char kilichopimwa kwa tarehe ya herufi 8 kitafurikia kwenye kigeu cha jirani. Programu inayoanguka bila mpangilio, mara kwenye ripoti hii mara ile, huwa na hili chini yake.

Dalili: tarehe ile ile ya ajabu inajirudia kwenye rekodi nyingi

Hiyo ni sifuri iliyovaa nguo za tarehe. Kila lugha ina siku yake ya kuanzia, na tarehe unayoiona inakutajia iliyoandika:

| Unachokiona | Asili yake |
|---|---|
| 01/01/1970, saa 9 usiku kwa saa za Afrika Mashariki | C au Unix, sekunde 0 |
| 01/01/1970, saa 8 na dakika 59 usiku | mktime ya C (kigeuza tarehe kuwa sekunde) imeshindwa na kurudisha −1 |
| 30/12/1899 | Visual Basic, Access, Delphi |
| 01/01/1980 | DOS, au betri |
| 17/11/1858 | VMS |

Ikiwa badala ya tarehe unaona namba tupu, ilinganishe na 1 Januari 2000: ni 36526 kwa VB na Excel, 35064 kwa Excel yenye kalenda ya 1904, 145732 kwa FUNCTION INTEGER-OF-DATE ya COBOL, 152385 kwa hesabu ya Lilian ya IBM, na sekunde 946684800 kwa Unix. Mbili za COBOL na IBM zimetofautiana kwa siku 6653, zaidi ya miaka 18. Tarehe zote zikiruka miaka 18 baada ya kujenga programu upya kwenye kompyuta kubwa, kagua kigezo cha kompaila INTDATE kabla ya kugusa kitu kingine.

Dalili: siku moja imezidi au imepungua baada ya Februari

Kawaida mtu ameongeza siku 365 akimaanisha mwaka. Mara chache zaidi, kanuni ya mwaka mrefu imeandikwa nusu: imekumbuka kwamba miaka inayogawanyika kwa 100 si mirefu, ikasahau kwamba inayogawanyika kwa 400 ni mirefu, basi 29 Februari 2000 haipo kwake na kila idadi ya siku inayovuka hapo imepungukiwa na moja. Programu inayogawa kwa 4 tu ni salama hadi Februari 2100. Angalia pia ADD 1 TO MWAKA kwenye COBOL: mkopo wa 29/02/2024 unapata mwisho wa 29/02/2025, siku ambayo haipo. DateAdd("yyyy", 1, ...) ya VB hurudi 28 Februari yenyewe.

Kwa riba ya kila siku, usichague mwenyewe kati ya 28 Februari na 1 Machi. Mkataba unasema, usiposema, aamue mhasibu, kwa maandishi.

Dalili zinazokuja: 2030 na 2038

Visual Basic 6 kwa kawaida husoma 00 hadi 29 kama 2000 hadi 2029, na 30 hadi 99 kama 1930 hadi 1999. Mkopo unaoisha 2030 ukichapwa "30" unaisha 1930. Kikomo hicho hubadilishwa kwenye mipangilio ya kikanda ya Windows, mashine kwa mashine. Kulazimisha tarakimu nne kwenye fomu ni kazi ya mara moja na haitegemei mashine.

Programu za C zenye time_t (hesabu ya sekunde tangu 1970) ya biti 32 zinafika mwisho tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata ni Desemba 1901. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 tayari unavuka hapo. Kwenye Linux ya biti 32 yenye glibc (maktaba ya C) 2.34 au zaidi, jenga upya kwa -D_TIME_BITS=64 -D_FILE_OFFSET_BITS=64. Hilo linatibu kumbukumbu ya mashine tu; faili lililohifadhi muda kwa baiti 4 bado lina baiti 4. Kama halina tarehe za kabla ya 1970, lisome kama namba isiyo na alama, na utapata nafasi hadi Februari 2106.

Wakati wa kumwita mtaalamu

Acha kazi mikononi mwa mwenye uzoefu wa lugha husika iwapo programu ina faili la kuendeshea tu bila msimbo chanzo. Iwapo tarehe mbovu zimekwisha kutoza riba, kulipa pensheni au kupanga dozi za wagonjwa. Iwapo rekodi mbovu na nzima zimechanganyika kwenye uga mmoja. Au iwapo nakala pekee ya akiba ilichukuliwa baada ya kosa kuanza. Mwandalie hivi: nakala ya data kama ilivyo bila kurekebishwa, toleo kamili la kompaila, rekodi 5 mbovu pamoja na karatasi zake za asili, na siku ya kwanza kosa lilipoonekana. Kama ulikwisha kuendesha amri yoyote ya REPLACE, mwandikie neno kwa neno, na mara ngapi uliiendesha.